Meinertzhagen: Jasusi Aliyetudanganya Hadi Sisi Wasomaji

Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, maafisa wa Kijerumani waliokuwa huku kwetu waliishiwa karatasi za chooni. Manowari za Kiingereza zilikuwa zimefunga bahari, meli za mizigo haziingii, na afisa akitaka kwenda msalani anachukua karatasi yoyote iliyo karibu: amri ya jana, barua iliyotoka kambi ya jirani, orodha ya risasi zilizobaki. Nairobi alikuwepo mtu mmoja aliyeliona hilo mapema. Akawaagiza wapelelezi wake wazifuate karatasi hizo zilikotupwa, hukohuko chooni, wazikusanye na kuzileta. Zikaletwa, zikasomwa. Mwenyewe anaisifu njia hiyo kwamba ilimpa mavuno mengi kuliko nyingine zote, na akaibandika jina la kijeshi kabisa, yaani njia ya karatasi chafu.

Mtu huyo ni Richard Meinertzhagen, mkuu wa ujasusi wa jeshi la Uingereza Afrika Mashariki kuanzia 1915 hadi mwishoni mwa 1916. Ukisoma kitabu chochote cha Kiingereza kuhusu vita vile, iwe ni historia nzito au kitabu cha kupitishia muda kwenye basi, utakutana naye. Yeye ndiye anayetuambia jenerali fulani alikuwa mpumbavu, yeye ndiye anayetuambia kikosi fulani kilikimbia, yeye ndiye anayetuambia askari wa Kiafrika wa Wajerumani walikuwa wanaume kwelikweli. Anaandika vizuri mno. Sentensi zake ni fupi, zina chumvi na pilipili, na hamwogopi mtu. Ndiyo maana waandishi wamemnukuu kizazi baada ya kizazi.

Tatizo ni kwamba alikuwa mwongo. Sisemi mwongo wa kazini, maana jasusi asiyedanganya adui analipwa mshahara wa nini? Nasema mwongo wa kuwadanganya wanasayansi, marafiki, wakubwa zake, na hatimaye mimi na wewe tunaosoma. Na kwa kuwa vita vyenyewe vilipiganwa kwenye ardhi yetu, kwa mabega ya babu zetu, uongo wake haukubaki kuwa wa Waingereza peke yao.

Alizaliwa London tarehe 3 Machi 1878, mtoto wa mfanyabiashara wa benki mwenye mali. Mama yake, Georgina Potter, alikuwa dada wa Beatrice Webb, yule mwanamama mashuhuri wa siasa za kijamaa Uingereza. Kwa hiyo kijana alikua katika nyumba ambayo watu wakubwa wanaingia na kutoka, na ndege wa kila aina wanaruka bustanini. Alipenda ndege kuliko benki. Akaingia jeshini, akapelekwa India 1899, na 1902 akahamia kikosi cha King's African Rifles huko ambako leo ni Kenya. Hakuchelewa kujulikana. Mnyama mmoja wa porini, yule nguruwe mkubwa mweusi wa msituni, alitambulishwa kwa sayansi kupitia mifupa na ngozi aliyoipeleka London, na mwaka 1904 mtaalamu Oldfield Thomas akampa mnyama huyo jina la kisayansi lenye jina la Meinertzhagen ndani yake. Hili ni la kweli, na mnyama bado anaitwa hivyo. Namtaja nguruwe huyu mapema makusudi, ili msomaji asije akadhani kwamba kila kitu cha mtu huyu kilikuwa cha kubuni. Angekuwa mwongo mtupu, kazi yetu ingekuwa rahisi.

Miaka yake ya kwanza Kenya aliichapisha mwaka 1957, katika kitabu alichokiita shajara ya Kenya. Humo anaeleza, bila haya, jinsi alivyoamuru watu wa kijiji kizima cha Wakikuyu wauawe, isipokuwa watoto, kulipiza kisasi cha Mzungu mmoja. Anaeleza pia jinsi alivyotabiri, mwanzoni kabisa mwa karne, kwamba Waafrika wakishasoma watainuka na kudai nchi yao, na damu itamwagika. Utabiri wa ajabu! Ila tazama tarehe ya kuchapishwa. Mwaka 1957 Mau Mau ilikuwa imeshapigana, Kimathi ameshanyongwa, na gazeti lolote lingeweza kukuandikia utabiri kama huo. Mtabiri anayekuja na karatasi yake baada ya mvua kunyesha, sisi huku tunamjua.

Lakini twende Tanga, maana hapo ndipo anapokaribia nyumbani.

Tarehe 2 Novemba 1914 meli za Kiingereza zilitia nanga nje ya bandari ya Tanga zikiwa zimebeba wanajeshi wapatao 8,000 kutoka India, chini ya Meja Jenerali Arthur Aitken. Meinertzhagen, wakati huo kapteni, alikuwa afisa ujasusi wa msafara huo. Upande wa pili, Paul von Lettow-Vorbeck alikusanya watu wapatao 1,000 tu, wengi wao askari wa Kiafrika, akiwaleta kwa treni ya Usambara kutoka Moshi. Alipata muda wa kuwaleta kwa sababu Waingereza walimpa. Badala ya kushuka na kuuteka mji uliokuwa karibu mtupu, nahodha wa manowari Fox alitangulia kwenda kumwarifu bwana mkubwa wa wilaya, Auracher, kwamba jamani tunakuja kushambulia, sasa mseme kama mnasalimu amri. Auracher akaomba muda wa kufikiri. Simu na treni zikafanya kazi yake.

Kama hilo halikutosha, siri ya msafara ilikuwa imeshavuja zamani. Masanduku ya shehena kule Bombay yalikuwa yameandikwa kwa herufi kubwa jina la kikosi na kule kinakokwenda. Unajiuliza, afisa ujasusi alikuwa anafanya nini? Kwenye shajara yake anajibu kabla hujauliza: aliwaonya. Alimwambia Aitken kwamba askari wa Kiafrika si wa kudharau, kwamba yeye amewahi kuwaongoza watu wa aina hiyo na anawajua. Aitken akacheka. Ndivyo anavyosema. Na Aitken, aliyeondolewa katika uongozi na kushushwa hadi cheo cha kanali, hakuacha shajara inayosomeka kama riwaya, kwa hiyo hadi leo tunasikia upande mmoja wa mazungumzo yale.

Mapigano makali yalikuwa tarehe 4, katika mashamba ya mpira na mkonge upande wa mashariki wa mji. Nyuki wakatibuliwa kwenye mizinga yao, wakawashambulia watu wa pande zote mbili. Lettow mwenyewe anasema waliwafukuza hata baadhi ya watu wake kwenye bombomu zao. Baadaye Waingereza wengine wakazua kwamba Wajerumani walikuwa wamewatega nyuki wale makusudi. Mpaka tarehe 5 msafara ulikuwa umerudi melini, ukiwa umepoteza zaidi ya watu 800 kwa waliouawa, waliojeruhiwa na waliopotea, na ukiwa umeacha ufukweni bombomu 16 na risasi 600,000. Risasi hizo Lettow alizitumia kuwapiga Waingereza haohao.

Meinertzhagen anayo mengi ya kusimulia kuhusu siku zile. Anadai kwamba aliwapiga risasi askari wa upande wake mwenyewe waliokuwa wakikimbia. Anasimulia jinsi alivyokwenda kwa Wajerumani na bendera nyeupe kuzungumzia majeruhi, wakamkaribisha chakula na wakazungumza kama watu waliotoka kucheza mpira. Hili la bendera nyeupe lina shahidi mwingine, maana Lettow naye analitaja kwenye kumbukumbu zake. La kuwapiga risasi wenziwe halina shahidi ila yeye. Yote mawili yako katika kitabu kimoja, kwa mwandiko wa mtu yuleyule na kwa sauti ileile ya kujiamini. Hapo ndipo penye taabu.

Kule Tanga, sisi tuliokulia huko tumeisikia vita ile kwa namna nyingine kabisa: nyuki, makaburi, nani alikimbilia shamba la nani. Mwaka ule, Vibambani, kijiji kilicho kusini kidogo mwa mji, alikuwepo mtoto wa miaka mitano aitwaye Shaaban Robert. Alipokuja kuandika utenzi wake mkubwa wa vita aliandika juu ya Vita vya Pili vya Dunia, vya Hitler, vilivyopiganwa mbali. Mara nyingi nimejiuliza ingekuwaje kama angetuandikia na hii ya mlangoni kwao. Hakuandika, basi. Akatuandikia Meinertzhagen.

Baada ya aibu ya Tanga, huyu bwana akapewa idara ya ujasusi Nairobi. Na hapa, nikiwa mkweli, lazima nimpe haki yake. Aliikuta idara ikiwa karibu haipo akaijenga. Alielewa jambo ambalo wakubwa zake hawakulielewa, kwamba katika nchi hii habari zinatembea kwa miguu ya Waafrika. Mpagazi anavuka mpaka na mzigo, mchuuzi anafika hadi jikoni kwa afisa, mtumishi anajua bwana wake amefunga mizigo au hajafunga. Akiwatumia hao, akaongeza barua zilizotekwa, mateka waliohojiwa na zile karatasi za chooni, aliweza kukadiria Wajerumani wako wangapi, wana bombomu ngapi, na maafisa wao ni akina nani. Jenerali Smuts alipokuja kushika uongozi Februari 1916 aliikuta picha hiyo tayari. Mwaka huohuo Meinertzhagen akapewa nishani ya DSO, na kabla mwaka haujaisha akarudishwa Uingereza akiwa mgonjwa.

Sasa hesabu majina. Maafisa wa Kijerumani tunawajua. Majenerali wa Kiingereza tunawajua, na kila mmoja ametukanwa katika shajara kwa jina lake kamili. Wale walioingia vyooni je? Hata mmoja hatumjui. Walikuwa wakifanya kazi ambayo malipo yake, ukikamatwa, ni kamba. Wajerumani walinyonga watu kwa tuhuma ndogo kuliko hiyo. Mkuu wao aliyekaa Nairobi akapata nishani, na miaka 40 na zaidi baadaye akapata kitabu. Hata jina la ile njia, karatasi chafu, linachekesha kwa sababu aliyelitunga hakuwa yeye aliyezishika.

Habari za wapagazi angalau zimebaki katika majina ya mitaa: Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi, yote mawili yametokana na jina la kikosi cha wabeba mizigo. Makadirio yanayotajwa sana yanasema karibu wapagazi laki moja wa upande wa Waingereza walikufa, wengi kwa kuhara, malaria na njaa. Wapelelezi hawana hata mtaa.

Kutoka huku kwetu Meinertzhagen akaenda Misri na Palestina mwaka 1917, chini ya Jenerali Allenby, na huko ndiko alikopata umaarufu wa dunia. Kisa ni hiki. Waingereza walikuwa wanataka kuushambulia mji wa Beersheba, lakini wanataka Waturuki waamini kwamba shambulio litakuwa Gaza. Tarehe 10 Oktoba afisa mmoja akapanda farasi hadi karibu na ngome za Waturuki, wakampiga risasi, akajifanya amejeruhiwa, akakimbia na kuangusha mkoba uliopakwa damu. Ndani mna mipango ya uongo ya vita, pesa, na barua ya mke akimweleza mumewe habari za mtoto. Waturuki wakameza chambo. Tarehe 31 Oktoba Beersheba ikatekwa. Afisa yule wa farasi, na mwenye akili iliyobuni mpango ule, anasema Meinertzhagen, ni Meinertzhagen.

Kisa hicho kimeingia katika vitabu vya kufundishia majeshi na katika filamu. Mwaka 2007 mwandishi Mmarekani Brian Garfield akachapisha kitabu kizima cha kumchunguza mtu huyu, akapekua nyaraka za wakati ule, akafikia uamuzi kwamba mpango wa mkoba ulibuniwa na afisa mwingine, Belgrave, na kwamba aliyepanda farasi siku ile, Arthur Neate, hakuwa yeye pia. Yaani mkuu wa ujasusi alichukua ujanja wa wenziwe akauvaa kama koti. Wapo wanaoona Garfield amemkaba kupita kiasi. Mimi naona hata ukimpunguzia nusu ya mashtaka, hiyo nusu iliyobaki inatosha.

T. E. Lawrence, yule wa Arabuni, aliwahi kumwelezea katika kitabu chake kikubwa kuwa ni mtu aliyefurahia kumhadaa rafiki sawasawa na adui, na aliyekuwa na ukatili wa mzaha. Meinertzhagen naye akamlipa. Mwaka 1995 mtafiti J. N. Lockman alionyesha kwamba habari za Lawrence zilizomo katika shajara za Meinertzhagen ziliandikwa miaka mingi baadaye na kupewa tarehe za zamani. Inawezekanaje? Kumbe shajara zenyewe, mabuku 76 yaliyohifadhiwa Oxford, si daftari la mkono. Zimechapwa kwa mashine ya taipu kwenye karatasi zisizoshonwa. Ukitaka kubadilisha mwaka 1917, unachomoa karatasi moja, unaingiza nyingine. Hakuna wino uliopauka wala ukurasa uliochanika wa kukusuta.

Ya baadaye nitayapita haraka, ingawa yangetosha riwaya mbili. Alihudhuria mkutano wa amani Paris 1919, akawa afisa mkuu wa siasa Palestina akiiunga mkono kwa nguvu zote harakati ya Wayahudi ya kurudi huko, akagombana na wakubwa, Allenby akamwondoa 1920. Akafanya kazi na Churchill katika Wizara ya Makoloni. Mwaka 1928 mke wake wa pili, Annie, mtaalamu wa ndege aliyeheshimika kwa haki yake mwenyewe, alikufa kwa risasi ya bastola kule Uskochi, wakiwa wawili. Ikatamkwa kuwa ni ajali. Minong'ono ya kwamba haikuwa ajali haijakoma mpaka leo, wala haijathibitishwa, na mimi sitaiongezea sauti. Miaka ya 1930, anatuambia, alikutana na Hitler akiwa na bastola mfukoni, akaacha kumuua. Shahidi? Hakuna.

Kilichokuja kumwangusha ni ndege. Mwaka 1954 aliipa makumbusho ya Uingereza ngozi za ndege zipatazo 20,000, zile zinazokaushwa na kujazwa pamba na kufungwa kijikaratasi mguuni kinachosema ameuawa wapi, lini na nani. Walinzi wa makumbusho walikuwa na wasiwasi naye tangu zamani. Aliwahi kupigwa marufuku kuingia chumba cha ndege kwa kutoka na vitu bila ruhusa. Lakini ni mkubwa, ni kanali, ana nishani. Akafa mwaka 1967 akiwa na heshima zake zote. Mwaka 1993 Alan Knox akachapisha ushahidi wa kwanza wa wizi, na baada yake Pamela Rasmussen na Robert Prys-Jones wakaanza kupekua ngozi moja baada ya nyingine, kwa eksirei, kwa kutazama mishono na pamba. Maana kila mtu anayekausha ndege ana mkono wake, kama fundi cherehani. Wakakuta ndege waliokaushwa na watu wengine katika karne ya 19, wameibwa, wameshonwa upya, na vijikaratasi vimebadilishwa.

Mmoja wa ndege hao ananirudisha Tanga. Ni bundi mdogo wa misitu ya India, ambaye hakuna aliyemwona kwa zaidi ya miaka 100. Meinertzhagen alikuwa na ngozi yake, na kijikaratasi kilisema alimuua yeye mwenyewe huko Gujarat, Oktoba 1914. Wataalamu wakamtafuta bundi huyo Gujarat kwa miaka, hawakumpata. Rasmussen akagundua kwamba ngozi ile ni ya miaka ya 1880, imeibwa kutoka kwa mkusanyaji aitwaye James Davidson. Akaondoa ramani ya Meinertzhagen mezani, akafuata sehemu za wakusanyaji wa kweli, na Novemba 1997 yeye na wenziwe wawili wakamkuta bundi yuko mtini, mzima, mashariki zaidi, katika jimbo la Maharashtra.

Oktoba 1914, ndugu msomaji. Huo ndio mwezi ambao msafara wa Tanga uling'oa nanga Bombay. Afisa ujasusi wa msafara ule, wakati masanduku yanaandikwa anwani ya siri bandarini, kwa maelezo yake mwenyewe alikuwa porini akiwinda bundi. Ama aliutelekeza msafara, ama anatudanganya juu ya bundi. Tunajua sasa ni lipi.

Nimeikumbuka njia ya Rasmussen kila ninaposoma historia za vita vile. Hakuzitupa ngozi zote 20,000. Alitazama mshono. Alimwuliza kila ndege: nani mwingine amekuona? Wanahistoria wa Afrika Mashariki wamefanya hivyo kwa shida zaidi, kwa sababu kwa mambo mengi ya 1914 hadi 1916 shahidi wa pili hakutafutwa alipokuwa hai.

Ila mahali pamoja shahidi wa pili hakusubiri kutafutwa. Tarehe 19 Oktoba 1905, huko Nandi, Meinertzhagen alimuua Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi aliyekuwa ameipinga reli na utawala wa Waingereza kwa miaka 10. Shajara inasema Koitalel alikuwa amepanga kumuua, na yeye akajihami. Wanandi wanasimulia kwamba walikuwa wameitwa kwenye mazungumzo ya amani na kwamba kiongozi wao aliuawa akinyoosha mkono wa salamu. Hata maafisa wenziwe Meinertzhagen walimtuhumu kwa hila. Mabaraza matatu ya uchunguzi yalikaa, yote yakamsafisha, kisha serikali ikamwondoa Kenya 1906 kimyakimya. Mtu akisafishwa mara tatu halafu akahamishwa, unajua nguo haikutakata.

Kwa miaka mingi maelezo ya Wanandi yaliwekwa katika kapu la "hadithi za wenyeji", na ya Meinertzhagen katika kapu la "nyaraka". Moja lilikuwa masimulizi ya mdomo, jingine lilikuwa limechapwa kwa taipu, lina tarehe. Leo tunajua tarehe za shajara zile zilikuwa na thamani gani. Barsirian arap Manyei, mtoto wa Koitalel, alizuiliwa na Waingereza mwaka 1923 na kukaa kizuizini karibu miaka 40, na katika miaka hiyo yote masimulizi ya Wanandi kuhusu ule mkono wa salamu hayakubadilika. Fimbo za uongozi za Koitalel zilichukuliwa siku ile zikakaa Uingereza kwa familia ya Meinertzhagen karne nzima, hadi 2006 ziliporudishwa Kenya.

Nikiulizwa nini cha kusoma badala yake, sitasema uache kumsoma Meinertzhagen. Msome, ana ladha, ila soma na penseli mkononi. Kisha mtafute Martin Kayamba, Mbondei wa kwetu Tanga, ambaye Wajerumani walimkamata na kumfunga wakati wa vita hivyohivyo. Wapenzi wa vitabu vya zamani vya Kiswahili watamkumbuka kwa kile cha safari ya Uingereza, Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza. Maisha yake mwenyewe, pamoja na miaka ya kifungo, aliyaeleza kwa Kiingereza, na yamo katika mkusanyo wa Margery Perham uitwao Ten Africans, wa mwaka 1936. Anaandika kwa upole, hajisifu, na huwezi kumnukuu kwenye jalada la kitabu. Nakala za zamani bado zinapatikana kwenye maktaba za vyuo vikuu. Sura yake si ndefu, jioni moja inatosha.